Mazishi ya Uvimbe wa Kiraka

Miaka ile ya mwanzo wa tisini, ukitaka kufika kwa Kornelio fundi cherehani pale Kimara, hukuelekezwa kwa rangi ya nyumba. Uliambiwa: shuka na njia ya vumbi kutoka barabara ya Morogoro, ukisikia mwanamke anamtukana mwanamume na mwanamume anacheka, umefika. Mwanamke alikuwa Mwanakombo, Mzaramo wa Kisarawe, muuza maandazi na mbaazi. Mwanamume ndiye Kornelio, Mngoni wa Songea, na walikuwa watani. Nyumba yangu ilikuwa katikati ya zao, kwa hiyo kila tusi lilipita dirishani kwangu kabla ya kumfikia mwenyewe.

Kwa asiyejua, Mzaramo na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu zao waliopigana mpaka wakachoka. Mtani anaweza kukwambia lolote, akakunyang'anya kofia, akabeba kuku wako akaenda kumchinja, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aliyejivunjia heshima ni wewe. Siku ya msiba ndipo utamjua mtani ni nani: nyie mnalia, yeye anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe chake. Wageni hushangaa. Mimi msiba usio na watani huuona mzito mno, na nimeshawaambia wanangu kwamba msiba wangu usije ukakosa watani.

Kornelio alikuwa fundi kiwandani. Kiwanda kikapunguza watu, akarudi nyumbani na mkasi wake. Wenzake walikaa vibarazani wakingoja kuitwa tena. Yeye akatafuta cherehani kuukuu ya miguu, akaiweka barazani, akaanza kushona magauni ya vitenge. Kabla hajapata wateja wa kutosha, mitumba ikaruhusiwa. Ikamwagika mjini, na mafundi wengi wakaapa kwamba wamekwisha. Kornelio alicheka. Aligundua kuwa Wazungu ni wanene na sisi ni wembamba, na kwamba kila suruali inayotoka kwenye robota lazima ipite kwa mtu wa kuipunguza kiuno.

"Wao wale, mie nishone," alisema, na kazi haikumwishia tena.

Kiraka alikuwa nguchiro. Vibarua walikuwa wakifyeka kichaka cha bondeni ili mtu ajenge, wakafukua shimo, mama nguchiro akatimua mbio na wanawe, mmoja akabaki. Kornelio alikuwa amempelekea kibarua mmoja suruali yake, akarudi na mnyama ndani ya mfuko wa shati. Mkewe, Sesilia, aliapa kwa Bikira Maria kwamba hicho kitu hakilali ndani ya nyumba yake. Kililala ndani ya nyumba yake, kwenye kikapu cha vipande vya nguo chini ya cherehani, na aliyekinywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa ni Sesilia huyohuyo. Watoto wake wote walikuwa wameshakua na kwenda zao, na mikono yake ilikuwa imekosa wa kumlisha.

Mwanakombo alipomwona mnyama kwa mara ya kwanza, alishika kiuno.

"Njooni mwone Mngoni! Kachoka kutega, sasa kaajiri wa kumkamatia panya wa kitoweo!"

"Nitakuwekea paja, mtani," Kornelio akajibu bila kuinua macho. "Nyie mmeuza minazi yote mkacheze ngoma, mboga mtapata wapi?"

Tabia ya Kiraka haikuwa nzuri, siwezi kumsingizia. Aliiba mayai ya kila mtu. Akishapata yai, huligeuzia mgongo, akalirusha kwa nyuma katikati ya miguu yake mpaka likapasukie kwenye pasi ya mkaa ya Kornelio, ndipo anageuka kulilamba. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyepigiwa shati kwa pasi hiyo, alifundisha siku nzima ananukia kiini cha yai. Kornelio alimkimbiza Kiraka na kandambili kila siku na hakumpata hata siku moja. Lakini panya walihama, na nyoka alipoingia jikoni kwa Mwanakombo, Kiraka ndiye aliyekwenda kumtoa, tena kwa vipande. Mwanakombo hakusema asante. Alipeleka sahani ya maandazi kwa Kornelio akadai yameungua, ndiyo maana anayatupa.

Uvimbe aliugundua Kornelio. Vidole vyake viliweza kupata pini ndani ya godoro. Jioni moja alikuwa akimkuna Kiraka kwapani, akagusa kitu kama punje ya mbaazi kikiteleza chini ya ngozi. Baada ya muda punje ikawa gololi, na Kiraka akaanza kuchechemea. Hapo ikabidi aitwe Fredrick.

Fredrick alikuwa bwana mifugo, kijana mpole aliyepita kuchanja kuku wetu, maana wakati ule Kimara nzima ilikuwa na mradi wa kuku. Alimchoma Kiraka sindano ya usingizi, akamlaza kwenye meza ya kukatia vitambaa, akaupasua uvimbe akautoa mzima. Kornelio alishika kichwa cha mnyama na jasho linamtoka. Fredrick alipoanza kuziba, Kornelio akashindwa kuvumilia.

"Huo mshono gani, kijana?"

"Mshono wa kidonda, mzee."

"Huo wa gunia. Lete hiyo sindano."

Sesilia akamvuta shati, na Fredrick akamaliza mshono wake wa gunia kwa amani.

Kisha akautia uvimbe kwenye chupa tupu ya jemu, akamiminia dawa ya kuhifadhi iliyotuwasha macho sote, akafunga kifuniko. Akamweleza Kornelio kwamba kuna maabara ya mifugo kule Temeke. Wakiukata uvimbe huo vipande vyembamba na kuuangalia kwenye hadubini, watajua kama ni uvimbe wa bure au ni kansa.

"Wakisema kansa, utampa dawa gani?" Kornelio akauliza.

"Sina, mzee."

"Na wakisema si kansa?"

"Basi hahitaji dawa."

"Kwa hiyo nikijua nisijue, wewe huna la kufanya."

Fredrick alikuwa mkweli, nampa hiyo sifa. "Kwa Kiraka, hakuna. Kupima ni kwa ajili ya roho yako wewe. Fikiri, mzee. Ukiamua, niite niipeleke."

Chupa ikawekwa juu ya kabati, karibu na sanamu ya Mtakatifu Antoni, na Kimara yote ikapata la kusema. Sesilia alisema usipime, aliyepanga siku za mtu na za nguchiro ni Mungu, na hajaomba msaada wa hadubini. Mwalimu wa shule alisema pima, huu ni wakati wa sayansi. Walikuwepo pia wa kusema ni mnyama tu, mwenzenu anahangaikia panya mkubwa wakati binadamu hawapimwi. Watu wa maneno hayo mimi siwapendi, na niliwaambia usoni. Kama mtu hakuwahi kulia kwa ajili ya kitu kisichoweza kumlipa, asinifundishe huruma.

Kornelio alisikiliza kila mmoja na kukubaliana na kila mmoja. Asubuhi alisema apime, mchana alisema asipime. Kazi ikaanza kumharibikia. Alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja wa kutembelea na mwingine wa kuvukia mto. Alipokea koti la kuongeza mifuko, akalirudisha mifuko yote imeshonwa ikafungwa. Usiku tulimsikia akimwamsha Kiraka amguse, na Kiraka akimng'ata, na ilimstahili.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Mwanakombo alirusha tusi lake la kwanza, na halikurudi. Akarusha la pili, kubwa zaidi, la ukoo mzima. Kornelio aliendelea kukanyaga cherehani kama hakusikia. Mwanakombo akaja dirishani kwangu na sufuria mkononi.

"Jirani, Mngoni wangu kafa," akaniambia. "Anapumua, lakini kafa. Ile chupa inamuua."

Alikuwa ameogopa, niliiona kwenye macho yake. Mtani kazi yake ni kuondoa huzuni kwenye nyumba ya mtani wake, na yeye kazi hiyo aliijua kwa njia moja tu. Saa chache baadaye Kornelio alivaa viatu akatoka bila kusema anakwenda wapi. Mwanakombo akavuka ua, akaingia ndani, akaichukua chupa ya jemu juu ya kabati.

"Nyie mnakaa na maiti ndani siku zote hizi hamuoni haya?" akapaza sauti. "Watani tupo, maiti hazikwi? Sesilia, toa sanda!"

Sesilia alijaribu kukataa, kicheko kikamshinda. Akatoa kipande cha bafta nyeupe kwenye kikapu. Mwanakombo akaimwaga ile dawa mferejini huku anapiga chafya, akauosha uvimbe, akaukunja kwenye bafta, akatoka nao uani ameubeba kwa mikono miwili. Wanawake wakajaa. Akachimba shimo dogo nyuma ya banda la kuku, akasimama kutoa wasifu.

"Marehemu alikuwa mkaidi," akasema kwa sauti ya kilio. "Alihamia kwapa la mtu bila hodi. Hakulipa kodi. Kila siku ananenepa, mwenye nyumba anakonda!"

Mmoja akamchokoza asome dua. Uso wa Mwanakombo ukabadilika. "Dua sichezei," akasema, kisha akarudia kulia kwake kwa uongo, akafukia shimo. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia ukuta. Sijui kama nimewahi kucheka vile tena.

Tukiwa tumerudi katikati ya ua, Kornelio akaingia na Fredrick nyuma yake, wote wametota jasho. Alipoelezwa, alicheka naye. Alicheka kweli, si kwa kutimiza utani, mpaka akajifuta macho kwa futi yake ya kupimia nguo. Halafu akakaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, na kicheko kikamwisha chote.

"Nilikwenda kumwita aipeleke," akasema. "Nimeamua leo asubuhi."

Fredrick akauliza kaburi liko wapi. Tukakimbilia nyuma ya banda, na kuku wa Sesilia walikuwa wametutangulia. Ni nani asiyejua kuku na udongo mbichi? Tulikuta bafta imechanwachanwa na kuku mmoja mwekundu anapangusa mdomo kwenye majani. Sesilia hakugusa nyama ya kuku mpaka Krismasi.

Mwanakombo alisimama na jembe mkononi, mdomo wazi. Na Kornelio hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Mtani ni mtani, hata akizika kitu ambacho hakikufa. Angekuwa mtu mwingine yeyote, siku ile tungeamua ugomvi.

"Mtani," Kornelio akasema taratibu, "nilipokuwa nao sikuutaka. Umekwenda, ndiyo nautaka. Hii ina faini."

"Taja. Chukua kuku."

"Kuku wako wabaki. Kila Jumapili nikitoka kanisani utakuja hapa, utampapasa Kiraka kwapani na mwili mzima, kisha utaniambia kama kuna kitu."

"Mie? Nimshike huyo? Si una vidole vyako?"

"Vidole vyangu siviamini tena. Vikimgusa vinataka kukuta hamna, basi vinakuta hamna."

Mwanakombo aliapa, akalaani, akaita wazee wa Kisarawe kwa majina. Jumapili iliyofuata alikuja.

Mara ya kwanza alijizungushia khanga mkononi mpaka kwenye kiwiko, na bado Kiraka alimng'ata. Mara ya pili alikuja na kipande cha andazi. Baada ya hapo Kiraka ndiye aliyemngoja yeye, akampanda mapajani na kulala chali, mikono na miguu juu, kama mtoto wa tajiri. Mwanakombo alimpapasa polepole, amefumba macho. Halafu alifumbua macho na kutangaza.

"Hamna kitu! Mnyama mzima. Mwenye ugonjwa ni wewe Mngoni, ugonjwa wa uchoyo, mgeni anakaa saa nzima hajapewa hata maji!"

Kornelio alicheka, na cherehani ikaanza kulia. Ikawa desturi. Wateja waliokuja kufuata suruali zao walibaki kusikiliza majibu. Masika ikapita, vumbi likarudi, suruali zikatoka tena na miguu inayolingana.

Kisha Jumapili moja vidole vya Mwanakombo vilisimama. Nilikuwa uani kwangu naanika nguo, nikaona. Vikarudi nyuma kidogo, vikapita tena palepale, vikasimama tena. Kornelio alikuwa amebana pini mdomoni, anapima pindo la gauni.

"Kaka Kornelio," Mwanakombo akasema.

Nguo niliyoishika ilinianguka kwenye udongo. Miaka yote ile alimwita mla panya, alimwita kichwa cha chungu, alimwita majina mengine ambayo siandiki hapa. Kaka hakumwita hata siku moja. Kornelio alitoa pini mdomoni, moja baada ya moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, akaangalia chini.

"Upo," akasema yeye mwenyewe.

"Upo, kaka. Mdogo."

Nilimkasirikia Mwanakombo, nasema kweli. Nilitaka amtukane. Nilitaka aseme neno lolote baya, hewa irudi. Lakini alikaa pale amemshika Kiraka, machozi yanamlenga, na ule upole wake ulinitisha kuliko uvimbe.

Fredrick akaja na sindano yake. Uvimbe ukatoka, mdogo na wa njano, ukaingia kwenye chupa. Safari hii Fredrick ndiye aliyeuliza swali, maana alitaka kuwa na uhakika. "Mzee, hali ni ileile. Sina dawa. Ukishajua, utafanya nini?"

Kornelio alikuwa na jibu. Nadhani alilitafuta Jumapili zote zile.

"Nikijua ni mbaya, kandambili naitupa. Aibe mayai yote ya Kimara, nitalipa. Nikijua si mbaya, nitaendelea kumkimbiza. Kitu ninachoshindwa ni kuishi naye nusunusu, kijana. Leo namkimbiza, nikimaliza namwonea huruma, nikimaliza najiona mjinga. Hata yeye hanielewi tena."

Sesilia aliyekuwa anapepeta mchele akaacha. "Basi nenda kapime," akasema. "Kumbe unaulizia wewe ufanye nini. Nilidhani unamchunguza Mungu."

Aliyebeba chupa kwenda Temeke ni Mwanakombo. Hakuna aliyemtuma. Alijifunga khanga mbili, akaikumbatia kifuani, akasema atakayeizika njiani amzike na yeye. Na siku ya kufuata majibu akaenda tena peke yake, mapema, maandazi hayakukaangwa.

Siku ile Kornelio hakushona. Alikaa barazani anatazama njia, na mimi nilihamishia mchicha wangu kwake nikachambulie hapo. Kiraka alikuwa amelala kwenye kikapu na mshono mpya kwapani, hana habari. Watu wawili wakaleta suruali, wakaona nyuso zetu, wakaondoka nazo.

"Jirani," Kornelio akaniambia, "akianza na kaka, mie naingia ndani. Utamsikiliza wewe."

"Nitamsikiliza."

Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali alipotokeza kule juu, kwenye kona ya duka la mafuta ya taa. Alitembea polepole. Alisimama kufunga khanga upya, na Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia jiwe kwa kule kuchelewa. Kornelio alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye mlango.

Mwanakombo akatuona. Akajaza pumzi.

"We Mngoni!" Sauti ilifika mpaka bondeni. "Mwenye miguu mifupi kama kigoda! Toka hapo mlangoni, unaziba upepo wa watu wazima!"

Kornelio alikaa chini, juu ya suruali za wateja, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakamtikisika. Sesilia akatoka ndani mbio, akamtazama, akatazama njiani, akaanza kupiga vigelegele kabla hajaambiwa lolote. Mwanakombo aliteremka akitukana hatua kwa hatua, huku naye anajifuta macho kwa ncha ya khanga, karatasi ya maabara imekunjwa kwenye kiganja. Fredrick alikuja kutusomea jioni: uvimbe wa mafuta tu, hauna madhara. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwanakombo aliendelea kumtukana Kornelio mpaka adhana ya magharibi, na sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.